Bia ya Cheri Isiyo Tamu

Watu wengi wakisikia bia ya matunda, ulimi wao hukimbilia sukari. Huiona chupa ndogo ya rangi ya kupendeza, kinywaji anachoagiziwa dada ambaye bado hajazoea pombe, huku kaka zake mezani wakiendelea na bia wanazoziita za kweli. Fikra hiyo imekaa katika baa zetu muda mrefu, kiasi kwamba mwanamume akiagiza kinywaji chenye tunda wenzake humgeukia. Mimi naiona ni fikra ya dhuluma. Inawadhulumu wanawake, inalidhulumu tunda, na zaidi ya yote inaidhulumu kazi ya wapika pombe ambao tangu zamani wamelitia tunda katika bia ili kuilisha hamira, wala si kumbembeleza mnywaji.

Bia ninayotaka kuizungumzia inatoka Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, na vijiji vya kusini-magharibi mwake katika bonde la mto Senne. Inaitwa kriek, jina ambalo Waflemi huziita cheri chachu zinazoingia ndani yake. Lita moja ya kriek iliyopikwa kwa desturi hupata gramu zipatazo 200 za cheri nzima pamoja na kokwa zake. Ukiinywa hukuti sukari. Unakuta ukali, ukakasi, harufu ya mbao na ya lozi, na cheri yenyewe ikiwa imevuliwa utamu wake wote. Aliyezoea soda ya matunda hukunja uso. Aliyekulia penye mbege, pombe ya ndizi ya Kilimanjaro, kama mimi, hutulia akapiga funda la pili.

Mahali pazuri pa kuionja ni kiwanda cha Cantillon, mtaa wa Gheude, katika manispaa ya Anderlecht, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya treni ya Midi. Mtaa ni wa kawaida kabisa na ukipita kwa haraka unaweza usikione. Ndani pana giza la ghala, na harufu inakupokea mlangoni: mbao zilizolowa, siki kwa mbali, matofaa yaliyoanza kulainika, vumbi la nafaka. Paul Cantillon na mkewe Marie Troch walianza biashara hiyo mwaka 1900, wakinunua bia changa kwa wapikaji wengine na kuichanganya wao wenyewe. Baadaye kiwanda kilifika mikononi mwa Jean-Pierre Van Roy, mkwe wa ukoo huo, katika kipindi kigumu. Walaji walikuwa wamezoea vinywaji vitamu na bia nyepesi za rangi ya dhahabu, na viwanda vidogo vya bia chachu vilikuwa vikifunga milango kimoja baada ya kingine. Mwaka 1978 akakifanya kiwanda chake kuwa pia jumba la makumbusho, watu waingie waone kwa macho yao jinsi bia hiyo inavyopikwa. Leo mwanawe, Jean, ndiye mpishi.

Msingi wa kriek ni bia iitwayo lambic. Nafaka yake ni kimea cha shayiri kilichochanganywa na ngano ambayo haijaoteshwa, yapata theluthi moja. Hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia ya kawaida uchungu wake, hapa huwekwa ghalani miaka hadi mitatu kabla ya kutumika, mpaka uchungu na harufu vififie na ibaki ile nguvu ya kuzuia bia isiharibike. Mchanganyiko huchemshwa kwa saa nyingi. Kisha hufuata jambo ambalo ndilo roho ya pombe hii: yale maji ya kimea, yakiwa bado yanafuka mvuke, hupandishwa hadi chumba kilicho chini ya paa na kumiminwa katika beseni pana la shaba lenye kina kifupi, yakalala humo usiku kucha huku hewa ya Brussels ikiingia na kutoka. Hakuna mtu anayetia hamira. Hamira inakuja yenyewe, kutoka hewani, kwenye mbao za paa na ndani ya mapipa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, kumbuka kwamba mwaka 1883 Emil Christian Hansen alifaulu kutenga hamira safi ya aina moja katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Tangu hapo viwanda karibu vyote duniani huchagua kiumbe mmoja, humlea, na kuwafungia nje wengine wote. Bia ikawa ile ile leo, kesho na mwakani. Wapikaji wa lambic hawakuingia katika mapinduzi hayo. Wao waliendelea kuwakaribisha viumbe wote walioko, wakiwategemea wadhibitiane.

Ukaribisho huo una masharti ya hali ya hewa. Lambic hupikwa majira ya baridi tu, kuanzia Oktoba au Novemba hadi karibu na Aprili, kwa sababu usiku wa joto huleta vijidudu waharibifu wengi kuliko hamira nzuri. Novemba 2015 Cantillon walilazimika kusimamisha upishi kwa kuwa usiku ulikuwa na joto mno kwa msimu ule. Tunapozungumza juu ya mabadiliko ya tabianchi huwa tunataja theluji ya Kilimanjaro na mafuriko ya Jangwani jijini Dar es Salaam, na ni sawa. Lakini hapa pana ufundi mzima ambao kifaa chake kikuu ni usiku wenye baridi, na baridi hiyo haiuzwi dukani.

Asubuhi, maji yaliyopoa huingia katika mapipa ya mbao, mengi yakiwa yamewahi kubeba divai. Siku chache baadaye povu huanza kutoka kwenye tundu la juu. Ndani yake viumbe hupokezana zamu. Bakteria wa mwanzo hufanya fujo yao na kufa. Hamira ya kawaida hugeuza sukari nyingi kuwa kileo. Joto la kiangazi likifika, bakteria wa asidi, wa jamii ya wale wanaochachusha mtindi, huijaza bia ukali, na mara nyingine huifanya nzito kama mlenda. Wapikaji husema bia inaumwa. Asiyejua angeimwaga. Wao husubiri, kwa sababu pipani yumo pia mwenye subira kuliko wote, hamira iitwayo Brettanomyces, ambaye hula hata sukari zilizowashinda wengine. Taratibu huuvunja ule mlenda, akaiachia bia harufu ya ngozi, ya nyasi kavu na ya zizi la farasi. Wanasayansi walimpa jina la pili bruxellensis, wa Brussels, na mji ule unastahili heshima hiyo.

Katika kona za ghala utaona utando wa buibui mwingi, na hakuna anayeufagia. Kiangazi matunda yanapofika, nzi wa matunda hufuata, na nzi anaweza kubeba bakteria wa siki hadi kwenye tundu la pipa. Kwa kuwa hapanyunyizwi dawa, buibui ndio walinzi. Nilipoelezwa hivyo nilielewa kwa nini mahali pale panatunzwa kwa namna inayomkera mtu wa usafi wa kiwandani: kila kiumbe ana kazi yake, na mpishi anajua kazi ya kila mmoja.

Cheri huwasili Julai, mara nyingine hadi mwanzoni mwa Agosti. Huingizwa katika lambic iliyokwisha kukaa pipani mwaka mmoja na nusu au miwili, bia kavu, kali, isiyobakiza sukari ya kula. Tunda linaileta sukari mpya na hamira iliyolala inaamka. Ndani ya siku chache pipa linachachuka upya. Ganda hutoa rangi. Nyama hutoa asidi na harufu. Kokwa, kwa kulala muda mrefu ndani ya kileo, hutoa benzaldehaidi, ile harufu ya lozi chungu ambayo wengi huionja bila kujua imetoka wapi. Baada ya miezi miwili mitatu cheri huwa zimepauka, zimetoa zilichokuwa nacho. Ndipo bia huchanganywa na lambic changa ambayo bado ina sukari kidogo, ikafungwa kwa kizibo, ikachachuka mara ya mwisho chupani na kupata gesi yake yenyewe.

Hapo ndipo lilipo jibu kwa wale wanaodhani tunda ni pambo. Katika kriek tunda limeliwa kabla ya wewe kufika. Hamira imekula utamu wote, na mnywaji anaachiwa yale mengine ambayo utamu ulikuwa ukiyafunika. Mtu anayekula cheri mbivu husema ni tamu na kunyamaza. Anayekunywa kriek analazimika kuonja asidi yake, ukakasi wa ganda lake na uchungu wa kokwa yake, mambo ambayo yalikuwemo muda wote.

Nilionja nikiwa na rafiki mzaliwa wa Bukavu, anayeishi Brussels karibu na Matonge, ule mtaa wa Ixelles uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Tulikaa kwenye pipa lililogeuzwa meza. Chupa ililetwa imelazwa ndani ya kikapu, maana mashapo yake hayapaswi kutibuliwa, na mhudumu akamimina kwa mkono mtulivu bila kuisimamisha. Rangi ilikuwa nyekundu iliyokolea, inayopitisha mwanga, na povu la waridi lililopanda kwa kelele kidogo na kushuka mara moja. Asidi haipendi povu. Asiyejua hudhani bia imelala.

Rafiki yangu alinusa kwanza, akasogeza bilauri, akanusa tena.

"Yaya," akasema, "hii iko sawa na kasiksi ya kwetu."

"Kasiksi ya cheri, ndugu yangu," nikamjibu.

Kasiksi ni pombe ya ndizi ya Kivu, na pua yake haikukosea. Chini ya cheri palikuwa na ile harufu ya tunda lililoachwa lijichachushe lenyewe, harufu ambayo mtu wa Bukavu, wa Moshi, wa Bukoba au wa Gitega huitambua hata akiwa amefumba macho. Funda la kwanza lilinibana mashavu. Ukali wake haukuwa wa siki, ulikuwa mpana zaidi, umeanzia pembeni mwa ulimi na kusambaa, ukafuatwa na cheri, si cheri ya peremende, bali ya tunda lililovunjwa kwa meno pamoja na kokwa. Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia, lozi, polepole, nyuma kabisa ya koo. Baada ya kumeza, kinywa kilibaki kikavu na safi, na mate yakaanza kutoka yenyewe. Ndiyo kazi ya asidi: inakuita urudi.

Kosa la wengi ni kuinywa ikiwa baridi sana. Iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu haina la kusema ila ukali. Iache ifike nyuzi 12 hivi. Bilauri yangu ilivyozidi kupata joto ndivyo mbao za pipa zilivyojitokeza, halafu ngozi, halafu kitu kama udongo wa shambani baada ya mvua ya kwanza. Kileo chake ni asilimia tano hadi sita, si kikubwa. Ni bia ya kunywa pole pole pamoja na chakula. Jibini laini na mkate vinaifaa, na naamini nyama choma yenye mafuta ingeifaa zaidi, kwa sababu asidi hukata mafuta kuliko uchungu unavyoweza.

Zipo za matunda mengine. Ya rasiberi, Rosé de Gambrinus, harufu yake ni nzuri kuliko zote lakini ni ya haraka, inakukimbia kabla hujamaliza chupa. Ya aprikoti kutoka kusini-mashariki mwa Ufaransa, waliyoiita Fou' Foune, ni laini na ya dhahabu, na wapenzi wake huifuata kutoka mbali. Nyingine hutiwa zabibu. Zote ni nzuri. Hata hivyo cheri ndiyo yenye hoja kamili, kwa sababu ya ile kokwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kriek ilisifiwa sana, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 viwanda kadhaa vikaanza kuitia vitu vyepesi: juisi badala ya tunda zima, sukari, vionjo, bia ya kawaida kuijaza. Ikachemshwa ili hamira ife na utamu ubaki. Kriek ya namna hiyo ndiyo iliyosafiri dunia nzima, ndiyo inayouzwa katika maduka ya viwanja vya ndege, na ndiyo iliyowafundisha watu kwamba bia ya matunda ni sharubati yenye kileo. Sitaki kuwa mkali kupita haki, maana fedha ya utamu huo ilisaidia kuviweka hai viwanda vilivyoendelea kupika ya asili. Lindemans wa Vlezenbeek, kwa mfano, wanauza kriek tamu kwa wingi, na wakati huohuo wanatoa Oude Kriek Cuvée René ambayo ni kavu na ya heshima. Lakini mnywaji ana haki ya kujua kilichomo. Umoja wa Ulaya ulilinda jina la oude kriek mwaka 1997, kwa hiyo neno hilo oude, au vieille kwa Kifaransa, likiwa kwenye lebo lina maana: ni lambic ya kweli iliyochachuka tena chupani. Lisipokuwepo, soma viungo kabla ya kulipa.

Mwaka huohuo wa 1997 wapikaji na wachanganyaji wa bonde la Senne waliungana katika chama chao, HORAL, na mmoja wa waliokuwa mbele alikuwa Armand Debelder wa 3 Fonteinen, kijijini Beersel. Habari yake inafaa kusimuliwa. Mei 2009 kidhibiti joto cha ghala lake kiliharibika, joto likapanda bila mtu kujua, na maelfu ya chupa zikapasuka. Makumi ya maelfu nyingine ziliharibika. Kwa mchanganyaji ambaye mtaji wake wote umelala chupani kwa miaka, hiyo ni kufilisika. Debelder hakuimwaga bia ile iliyoungua. Aliikeneka ikawa pombe kali na kuiuza, wenzake na wapenzi wa bia wakamsaidia, naye baadaye akarudi kupika. Alifariki mwaka 2022, na ufundi wake ulikwisha kurithiwa na vijana.

Yeye pia ndiye aliyeshikilia sana suala la cheri. Kriek ya zamani ilipikwa kwa cheri za Schaerbeek, kitongoji cha Brussels ambacho wakulima wake walizipeleka sokoni kwa punda, na hadi leo Schaerbeek hutaniwa kuwa mji wa punda. Tunda lenyewe ni dogo, jeusi-jeusi, chachu, lenye kokwa kubwa kwa umbo lake. Mji ulipopanuka, mashamba yakawa nyumba. Sehemu kubwa ya cheri zinazotumika siku hizi hutoka nje, Poland ikiwa mojawapo ya nchi zinazozileta. Miti michache iliyosalia iko katika bustani za watu binafsi, na 3 Fonteinen walijenga desturi ya kununua cheri hizo kwa wenyeji wanaozichuma kwa mkono, kisha kupika nazo kriek ya pekee. Niliionja kwa mwenyeji mmoja aliyekuwa mkarimu. Ni nzito kuliko nyingine zote nilizozionja, na lozi yake haijifichi.

Nimetaja mbege, na siwezi kuiacha hapo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kilimanjaro tunapika bia ya matunda. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, bila hamira ya dukani. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa, hupikwa uji. Gome la msesewe hutiwa ili kuleta uchungu na kuizuia pombe isiharibike haraka. Ukiyaweka mapishi hayo karibu na ya Brussels, unaona kimea cha nafaka pande zote mbili, tunda pande zote mbili, hamira ya porini pande zote mbili, na mmea mchungu pande zote mbili, kule hopsi, kwetu gome. Tofauti kubwa ni muda. Mbege hunywewa ndani ya siku moja au mbili, ikiwa bado inachemka, bado ina utamu kidogo na unga wa ulezi ulimini. Lambic husubiri miaka. Moja si mtoto wa nyingine, wala hakuna iliyo juu ya mwenzake.

Magharibi mwa Ziwa Victoria Wahaya wana rubisi, ndizi na mtama. Rwanda na Burundi wana urwagwa, ambao ndizi zake huivishwa shimoni kabla ya kukamuliwa. Uganda wana tonto. Pwani, mgema akishusha tembo asubuhi ni tamu, jioni limekuwa kali, na kesho yake linaelekea kuwa siki. Hapo napo hamira imekuja yenyewe. Wabelgiji walizitawala Rwanda na Burundi tangu Vita vya Kwanza vya Dunia hadi mwaka 1962. Walitoka katika nchi yenye bia ya tunda inayojichachusha, wakafika katika nchi zenye bia ya tunda inayojichachusha. Wangeweza kuketi pamoja na wenyeji wao kama mafundi wa kazi moja.

Iliyotushinda nguvu ni bia ya aina nyingine, ile nyepesi ya chupa inayofuata mapokeo ya Ujerumani, ambako sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji tu kuwa viungo halali vya bia. Kwa kipimo hicho tunda ni uchafu. Kipimo hicho kilipotufikia, pombe zetu ziliwekwa chini ya jina moja, pombe ya kienyeji, na jina hilo likabeba harufu ya umaskini. Kijana wa Moshi leo atamkaribisha mgeni wake bia ya chupa na kumficha mbege ya mama yake. Huku mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, na mgeni wa Cantillon hutembea kwa adabu kati ya mapipa akinusa kitu ambacho bibi yangu angekitambua mlangoni. Sisemi Wabelgiji hawakustahili. Walistahili kabisa, kwa sababu walikilinda walichokuwa nacho, wakakiandika, wakakitungia sheria na kukitoza bei inayolingana na kazi yake. Nasema mbege nayo ina sifa zote za kulindwa hivyo.

Marekani walijifunza mapema kuthamini tunda la kwao. Kiwanda cha New Glarus, jimbo la Wisconsin, kilichoanzishwa na Deborah na Daniel Carey mwaka 1993, hupika bia nyekundu kwa cheri chachu za kaunti ya Door, jimboni humohumo, nusu kilo hivi kwa chupa moja kubwa. Ina utamu kuliko ninavyopenda, lakini tunda ni lao na hawalifichi. Hilo ndilo la kuigwa, kuliko kuagiza cheri kutoka Ulaya ili kuonekana wa kisasa.

Kwa sababu hiyo nina neno kwa vijana wanaofungua viwanda vidogo vya bia Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na Kigali. Mtavutwa na embe na nanasi, kwa kuwa ndiyo matunda anayoyafikiria mtalii. Kumbukeni hamira itakula sukari yote. Embe likishavuliwa utamu wake linabaki na harufu tu, na harufu hiyo haikai. Bia inataka tunda lenye asidi, lenye ukakasi wa ganda, lenye rangi isiyokimbia. Ukwaju unafaa. Ubuyu nao, kwa uangalifu, maana unga wake hufanya bia kuwa nzito. Lakini mimi nikiulizwa nitataja zambarau: ganda jeusi, rangi inayobaki ulimini hadi jioni, ukakasi unaobana mashavu sawa na kriek. Atakayejaribu aanze na kilo mbili kwa kila lita kumi za bia kavu iliyokomaa, aziponde kidogo, asitie sukari hata kijiko, na asiifungue kuionja kabla ya miezi miwili.